Vipimo vya Marehemu Si Kweli, na Mimi Ndiye Nitakayevisoma

Mpendwa mshauri,

Nimejishauri mwenyewe mpaka nimechoka, kila nikilala na jibu moja naamka na jingine, kwa hiyo naomba unisikilize, na kama nastahili kukaripiwa usinionee haya. Mimi ni karani wa madai katika tawi la kampuni ya bima, mwanamke mwenye mume na watoto, na jambo ninalokuletea si la ndoa wala la mawifi kama yale ninayosoma kwenye ukurasa wako, ni la kazini, lakini limeninyima raha kuliko lolote la nyumbani kwangu, kwa sababu ndani yake yumo marehemu, na marehemu huyo nilimpenda.

Alikuwa ofisa utawala wetu. Ofisi nzima tulimwita Bi Swichi, na jina hilo alipewa kwa kejeli kabla halijawa la mapenzi. Makao makuu waliagiza kila tawi lipime nyayo zake za mazingira, yaani tuhesabu umeme, mafuta, karatasi, maji na takataka, tujue ni moshi na uchafu kiasi gani tunaitupia dunia, kisha tupunguze. Barua ilipofika sisi wengine tulicheka, mmoja akauliza ni nyayo za viatu namba ngapi, lakini yeye aliipokea kama mtu aliyekuwa akiisubiri. Akaazima mizani kwa muuza nyama wa mtaa wa nyuma akawa anapima takataka zetu kabla hazijachukuliwa, karatasi kivyake na plastiki kivyake, amekunja mikono ya blauzi na miwani imemshuka puani. Akaliondoa friji la kona ambalo ndani yake hamkuwa na kitu ila chupa ya maji ya mtu aliyekwisha hama. Birika likawa linachemshwa mara moja asubuhi, maji yanamiminwa kwenye chupa za chai, atakayetaka ya moto mchana anajua pa kuyapata. Alisogeza meza zetu karibu na madirisha ili tuzime taa, akazima viyoyozi, na juu ya kila swichi akabandika kikaratasi: "Unatoka? Nizime kwanza." Tulinung'unika, mshauri, tulimsengenya hadi chooni, lakini polepole tukajikuta na sisi tunazima, na siku moja nilimwona meneja mwenyewe amerudi kutoka kwenye ngazi kuzima taa yake, akaangalia huku na huku kama mwizi.

Mimi alinichagua nimsaidie. Sikujua kwa nini, maana nilikuwa miongoni mwa waliomcheka, lakini alinifundisha kama dada anavyomfundisha mdogo wake kupika, na neno lake lilikuwa moja, "Usiulize kimetumika kiasi gani, nenda ukaone." Nikawa namwita dada. Mume wake tunafanya naye kazi hapo hapo, ni msimamizi wa bohari na ndiye anayelitunza jenereta la ofisi, na kwa kuwa mke wake ni dada yangu basi yeye nikamwita shemeji, naye akaniita shemeji, tukawa watu wa kula pamoja mchana.

Kisha dada akaugua. Ini. Alianza kwa kuchoka, akaja kugeuka manjano machoni, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, na mwishowe akabaki nyumbani kwake akiuguzwa na mama yake mzazi. Hakukubali kuiacha kazi ile ya vipimo, kila shemeji akirudi jioni lazima amwambie umeme umesomeka ngapi na jenereta limekunywa lita ngapi, naye anajumlisha akiwa amelala. Nilipokwenda kumtazama mara ya mwisho mikono yake ilikuwa imebaki mifupa, lakini alinishika akaniambia, "Tumepunguza karibu theluthi, mdogo wangu. Theluthi." Nikalia njia nzima, nusu kwa uchungu, nusu kwa kujivunia.

Alipofariki, meneja alisimama pale kaburini akazisoma hesabu zile mbele ya watu. Alisema marehemu ametuachia ofisi safi kuliko alivyoikuta. Mama yake alikuwa amekaa chini, ameinama, na alipozisikia akainua kichwa. Habari zikafika makao makuu, makao makuu wakapendezwa, na mimi nikakabidhiwa kazi yake.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Siku moja umeme ulikatika tangu asubuhi, jambo ambalo siku hizi ni la kawaida kwetu, jenereta likawashwa, na mimi nikakumbuka lile neno la dada, nikashuka nyuma ya jengo nikaone kwa macho yangu. Shemeji alikuwa anamimina dumu la dizeli. Nikakaa pale kwenye kivuli cha ukuta nikimhadithia mambo ya watoto, na kabla ya saa ya chakula jenereta likaanza kukohoa, akaleta dumu la pili. Nikamuuliza bila ubaya wowote, "Shemeji, si huwa unanitajia dumu moja kwa wiki nzima?"

Alifunga kifuniko, akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Kisha akalizima jenereta, na huko juu nikasikia watu wakiguna kwamba kompyuta zimezimika.

"Kaa," akaniambia. Nilikuwa nimekaa tayari. Akakaa yeye.

"Mwanzoni nilimwambia ukweli," akasema. "Alipoanza kulala nyumbani ndipo umeme ulipoanza kukatika vibaya. Nikamwambia, mama, mafuta tunayochoma yamepanda, tunachoma kwa siku moja tulichokuwa tunachoma kwa wiki. Hakula siku hiyo. Alihesabu, akafuta, akahesabu tena, akageukia ukutani. Kesho yake daktari akaniita pembeni akaniambia niliyokuwa nayajua. Jioni nikaingia chumbani, akaniuliza, leo vipi? Nikasema yameshuka. Akakaa kitandani, shemeji. Mwenyewe, bila kuinuliwa. Akaomba supu."

Kisha akaniuliza, "Wewe ungefanyaje?"

Basi shemeji aliendelea hivyo hivyo, kila jioni anamtajia lita chache, na zile hesabu tulizosomewa kaburini ni hizo. Umeme wa kwenye mita ulipungua kweli, lakini sehemu kubwa ulipungua kwa sababu haukuwepo, na ulipokosekana tulichoma dizeli, na moshi wa dizeli ni mbaya kuliko umeme tuliokuwa tunajisifu kuuokoa. Ukijumlisha vyote, ofisi yetu haikupungua theluthi. Imezidi kuliko ilivyokuwa kabla dada hajaanza.

"Lakini mbona umeendelea kunitajia mimi dumu moja?" nikamuuliza. "Mimi si mgonjwa."

"Ningeanzia wapi kukutajia mawili?" akasema.

Ningelimeza, mshauri, wallahi ningelimeza na ningekwenda nalo mpaka uzeeni, lakini mambo hayakuniacha. Makao makuu walikuwa na mpango wa kuweka paneli za jua juu ya paa la kila tawi, sasa wamesema hakuna haja, tawi letu limeonyesha kuwa kuzima swichi kunatosha, na matawi yote yataletwa hapa kwetu mwisho wa mwezi yafundishwe njia ya Bi Swichi. Siku hiyo chumba cha mikutano kitapewa jina lake. Mama yake ameandikiwa barua ya mwaliko. Na atakayesimama kusoma vipimo ni mimi, meneja amekwisha niambia nivae vizuri.

Nilimwendea shemeji nikamwambia siwezi kusoma kitu ninachojua si kweli. Alikuwa anapanga makaratasi kwenye rafu, hakugeuka. Akasema, "Mwache alale."

Nikamwambia, "Matawi yote yatabaki na majenereta yao kwa sababu yetu."

Akasema, "Wakijua nilitaja lita pungufu watasema dizeli niliiba. Sijali, waseme. Lakini watasema na yeye alikuwa anajua. Watasema Bi Swichi alikuwa mwongo kama hao wengine wote wanaopika hesabu ili wasifiwe. Unataka hilo? Wewe?"

Tangu siku hiyo hanisalimu. Mchana anakula bohari, peke yake, mlango umefungwa. Mume wangu ananiambia ukila na kipofu usimguse mkono, nikae kimya kwani si hesabu zangu. Nimefikiria kujifanya mgonjwa siku hiyo. Nimefikiria kusoma umeme tu na kuruka mafuta, maana hiyo haitakuwa uongo, itakuwa tu si yote. Halafu juzi mama yake dada alinipigia simu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kusumbua, "Mwanangu, hiyo siku nitakaa mbele au nyuma? Nisije nikakaa mahali pa wakubwa." Nikamwambia mbele, mama. Nilipokata simu nikaenda kujifungia chooni.

Nikisema, nitakuwa nimemzika dada mara ya pili na kumpeleka mume wake kwenye aibu ya wizi ambao hakuufanya. Nisiposema, nitasimama mbele ya picha yake nikisoma uongo katika kazi niliyofundishwa na yeye. Nishauri, nami nitafuata.

Mdogo wa Bi Swichi


JIBU

Mdogo wa Bi Swichi,

Pole. Pole kwa dada, na pole kwa shemeji, ambaye naona umempoteza naye angali hai, anakula nyuma ya mlango. Jibu hili nimekutumia mwenyewe kabla ya kulipeleka gazetini, maana mwisho wa mwezi hausubiri mshauri.

Umeniambia nisikuonee haya, basi sikuonei. Wazo la kujifanya mgonjwa litupe, tena ni aibu kulitaja katika barua inayomzungumzia mtu aliyefanya kazi akiwa mgonjwa kweli. Na lile la kusoma umeme na kuruka mafuta ni baya zaidi. Mwanangu, wewe unafanya kazi ya bima. Mteja akija kukudai nyumba iliyoungua, akakueleza yote ila kiberiti alichokiwasha, utasema hajadanganya, kasema tu si yote? Unalijua jina la mtu huyo kuliko mimi.

Mumeo naye mwambie nimemsikia. Methali yake ni ya mezani, anayekula na kipofu angalau wanakula wote wawili. Hapa kuna matawi mazima yanaandaliwa yabaki na moshi, na watu wanaokaa nyuma ya majengo hayo, wanaoanika nguo huko na kulea watoto huko, hawajaalikwa kwenye chakula chenu.

Sasa nije kwa shemeji yako. Mimi simhukumu kwa alichokisema kando ya kitanda. Nimeuguza. Najua mtu anavyosimama mlangoni na habari mbili mkononi, akampa mgonjwa ile itakayomfanya ameze kijiko kimoja. Uongo ule ulikuwa dawa, na mgonjwa alipoondoka dawa yake ilitakiwa imwagwe. Kosa lake ni kwamba hakuimwaga. Aliiacha ikasomwa kaburini, akaiacha ikapanda hadi makao makuu, na wewe akakunywesha wiki baada ya wiki ilhali huumwi. Nina hakika anajua. Mtu asiyejua kosa lake hafungi mlango anapokula.

Na meneja wenu, akinisoma hapa, namwambia hivi: hesabu za ofisi si maneno ya kusomwa kaburini. Marehemu huombewa. Angetaka kumsifu, angesema yeye mwenyewe alivyorudi kutoka kwenye ngazi kuzima taa yake.

Unasema ukisema ukweli utakuwa umemzika dada mara ya pili. Hapana. Ulimwelewa vibaya, au uchungu umekusahaulisha. Mwanamke aliyeazima mizani ya nyama ili apime takataka za wenzake hakuwa anatafuta sifa, alikuwa anataka kujua. Alikufundisha neno moja tu, uende ukaone, nawe ukaenda, ukaona. Sasa unataka kumlinda dhidi ya kitu alichokipenda kuliko vyote. Mnachomwandalia hapo ni chumba chenye jina lake na ndani yake hesabu ambayo yeye mwenyewe angeifuta.

Fanya hivi. Usiende kwa meneja peke yako, na usiende kwanza. Ukweli wa shemeji ukitoka mdomoni kwako utaitwa wizi, ukitoka kwake mwenyewe utaitwa ulivyo. Gonga mlango wa bohari, ingia hata kama hajasema karibu, umwambie hutasoma vipimo hivyo, na kwamba hilo si tishio bali ni taarifa, ili ajue amesimama wapi. Kisha umwombe akamwambie mama mkwe wake kabla ya mtu mwingine yeyote. Yule mama asikie sebuleni kwake, akiwa na khanga yake begani, asije akasikia katika ukumbi wa watu waliovaa tai. Nenda naye, ukae, lakini usiseme neno. Si lako kulisema.

Siku inayofuata ndipo muingie kwa meneja, nyote wawili. Dizeli iliyonunuliwa inajulikana na dizeli iliyochomwa inajulikana, aitaje yote kwa mdomo wake kabla hajaulizwa, na wewe useme uliyoyaona nyuma ya jengo. Waambie hayo mafunzo yaahirishwe na hizo paneli zirudishwe kwenye mazungumzo. Halafu anza kupima upya tangu mwanzo, dizeli ikiwemo. Tenga siku ambazo umeme ulikuwepo uzilinganishe na za zamani za namna hiyo hiyo, utajua dada aliokoa kiasi gani kweli. Itakuwa ndogo kuliko theluthi. Itakuwa yake.

Na ukitetemeka, tetemeka, lakini nenda.


Haya hapa chini aliniandikia baadaye, nami nayachapisha kwa ruhusa yake na ya shemeji yake.

"Mpendwa mshauri, tulikwenda. Shemeji alikataa siku ya kwanza, siku ya pili akanikuta getini akaniambia tu, twende kabla sijabadilika. Mama alitupokea, akatukalisha, akataka kwenda kutengeneza chai, shemeji akamwomba akae. Alimwambia yote. Aliyasema akiangalia sakafu, na alipofika kwenye supu nilitaka kumsaidia, nikakumbuka ulivyonikataza.

"Mama hakulia. Alimngoja amalize, kisha akasema, 'Baba, alikuwa anajua.'

"Shemeji akainua uso.

"'Hapa na ofisini kwenu umeme unakuja na laini moja,' mama akasema. 'Ukikatika huko, na huku umekatika. Mwanangu alilala chumbani humo mchana kutwa feni imesimama juu yake, mimi nampepea kwa kipande cha boksi. Wewe unaingia jioni unamwambia jenereta leo limepumzika. Unafikiri mtu kama yule hakuweza kujumlisha?'

"Shemeji akauliza, 'Mbona hakuniambia?'

"'Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, mama, mwache. Akishaniletea habari njema ndiyo na yeye anakaa hapa kitandani anakula. Nikimwambia najua, atakula wapi? Akasema akipata nafuu atahesabu upya.'

"Hapo nikaelewa, mshauri, kwamba hata ile theluthi aliyonitajia mimi alikuwa anamtunzia mumewe. Shemeji alishuka kwenye kiti akakaa chini, akaweka kichwa chake magotini kwa mama mkwe wake, jambo ambalo sikuwahi kuliona na sidhani nitaliona tena, na mama akamwekea mkono kichwani, akamwacha alie.

"Kwa meneja hakukuwa na huruma ya namna hiyo. Alikasirika, na nadhani alijionea haya. Shemeji ameondolewa bohari, amepewa meza huku juu, na wapo wanaonong'ona kuhusu dizeli akipita, ingawa daftari la bohari lilionyesha kila lita ilikokwenda. Mafunzo yameahirishwa, chumba hakikupewa jina. Paneli wamesema watazifikiria wakipata hesabu mpya. Tumeianza. Shemeji ndiye anayeshuka kusoma jenereta, nami nashuka naye, tunaandika kila mtu kivyake kisha tunalinganisha. Mchana tunakula pamoja. Hatuongei sana. Vile vikaratasi vya juu ya swichi vimeanza kubanduka kwa joto, jana nilimwona meneja anakirudishia kimoja kwa gundi."

Mwanangu, sina la kukuongezea kuhusu marehemu, mama yake ameshalisema. La kwenu mlio hai ni hili. Wanaonong'ona waacheni, watachoka, ila shemeji asiachwe kula peke yake hata siku moja mwaka huu, na hilo nakuagiza wewe. Hesabu ikikamilika, kabla hamjaipeleka makao makuu, mpelekeeni yule mama. Kaeni naye, mumsomee mstari kwa mstari, mafuta na umeme na karatasi, hata kama ni mbaya, hata kama haelewi nusu yake. Msiruke chochote. Akiuliza swali, mjibuni.

Mshauri wako